Upandishaji wa Matoleo Tangulizi ya Mfumo Endeshi wa Kompyuta na Utatuzi wa Hitilafu Zake: Ufafanuzi kwa Mazingira ya Dodoma na Uwanda wa Kati wa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna matoleo tangulizi ya mfumo endeshi wa kompyuta yanavyotolewa, yanavyosakinishwa, yanavyokwama na yanavyoondolewa. Mfano mkuu unaotumika ni Windows Insider, mpango ulioanzishwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2014. Mazingira yanayozingatiwa ni ya Dodoma na uwanda wa kati wa Tanzania, ambako umeme usiotabirika, vumbi la kiangazi na gharama ya bando la intaneti huathiri moja kwa moja matokeo ya usakinishaji. Hoja inayojengwa ni kwamba hitilafu ya toleo tangulizi ni taarifa, lakini taarifa hiyo huwa na thamani pale tu inaposomwa kwa utaratibu, inapotenganishwa na matatizo ya mazingira, na inaporipotiwa kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia. Makala yanahitimisha kwa kuonesha kwamba mtumiaji asiyeripoti hupokea toleo kamili lililojaribiwa katika mazingira yasiyo yake.

Maneno ya msingi: toleo tangulizi, mfumo endeshi, upandishaji, kiendeshi, ripoti ya hitilafu

1.0 Utangulizi

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 azma ya kuhamishia shughuli zake Dodoma, na mji huo kupewa hadhi ya Jiji mwaka 2018, idadi ya ofisi zinazotegemea kompyuta katika uwanda wa kati imeongezeka. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ina makao yake Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina Ndaki ya Sayansi za Kompyuta na Elimu Angavu inayofundisha vijana wanaotarajiwa kuhudumia mifumo hiyo. Kwa hiyo mji huu una watu wa aina tatu wanaokutana na mabadiliko ya mfumo endeshi: mtumishi anayeutumia, mwanafunzi anayejifunza kuuchunguza, na fundi anayeitwa pale unapogoma.

Mabadiliko hayo hayaji ghafla. Kabla ya toleo kamili kumfikia mtumiaji wa kawaida, hutanguliwa na matoleo mengi yanayotolewa kwa watu waliojitolea kuyajaribu. Wengi hujiunga kwa shauku ya kuona sura mpya, bila kufahamu kwamba mashine yao imegeuzwa kuwa chombo cha majaribio. Toleo linapogoma, baadhi hulaani programu, baadhi hulaumu fundi, na wengine hufuta kila kitu na kuanza upya. Namna zote tatu hupoteza kitu kimoja, nacho ni ushahidi wa kilichotokea.

Suala hili lilipata uzito zaidi baada ya Microsoft kusitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zenye umri mkubwa hazitimizi masharti ya Windows 11, na wenye kompyuta hizo hushawishika kutafuta njia za pembeni, mojawapo ikiwa ni matoleo tangulizi. Ni muhimu, basi, kufahamu matoleo hayo yanatoa nini na hayatoi nini.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Utatuzi wa hitilafu huanza na lugha. Maelekezo yenye neno lenye maana mbili yanaweza kumfanya mtu afute kilichopaswa kubaki. Kiswahili kimekuwa kikijengewa istilahi za kompyuta kwa muda mrefu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye sura ya Kiswahili, na baadaye Microsoft nayo ikatoa vifurushi vya lugha ya Kiswahili kwa Windows. Hata hivyo, matumizi bado yanatofautiana baina ya kamusi, vifurushi na mafundi wa mitaani. Katika makala haya istilahi zifuatazo zinatumika kwa maana zilizoainishwa.

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayosimamia kumbukumbu, diski, vifaa na programu nyingine zote. Toleo tangulizi ni umbo la mfumo endeshi linalotolewa kwa majaribio kabla ya toleo kamili. Kila moja hutambulishwa kwa namba yake ya utengenezaji. Kusasisha ni kuongeza marekebisho ndani ya toleo lilelile. Kupandisha ni kuondoka toleo moja na kwenda jingine lenye namba kubwa zaidi. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Sasisho hubadilisha baadhi ya faili, ilhali upandishaji huweka mfumo mzima upya, kisha huhamishia ndani yake mipangilio, programu na faili za mtumiaji.

Neno linalohitaji uangalifu zaidi ni kiendeshi. Katika matumizi ya sasa neno hilo hubeba maana mbili: wengine hulitumia kwa diski ya kuhifadhia data, na wengine kwa programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa kama vile kadi ya intaneti au printa. Fundi anayeambiwa kwa simu “ondoa kiendeshi kisha ujaribu tena” anaweza kufungua mashine na kuchomoa diski, wakati aliyemwelekeza alikusudia programu ya printa. Katika makala haya kiendeshi ni programu hiyo ndogo pekee; kifaa cha kuhifadhia data kinaitwa diski.

3.0 Namna Matoleo Tangulizi Yanavyotolewa

Windows Insider ilitangazwa tarehe 30 Septemba 2014, na siku iliyofuata likatolewa toleo tangulizi la kwanza la Windows 10, lenye namba 9841. Toleo kamili lilitoka tarehe 29 Julai 2015 likiwa na namba 10240. Kati ya namba hizo mbili kulikuwa na miezi kumi ya majaribio yaliyofanywa kwenye mashine za watu wa kawaida. Utaratibu huo uliendelea hata baada ya Windows 11 kutolewa tarehe 5 Oktoba 2021.

Wanaojaribu hawapewi toleo moja. Hapo awali waligawanywa kwa kasi ya kupokea matoleo. Mwaka 2020 mgawanyo huo ulibadilishwa kuwa wa njia zenye majina Dev, Beta na Release Preview, na mwaka 2023 ikaongezwa njia ya Canary. Canary hupokea kazi iliyo mbichi kabisa, Dev huifuata, Beta hupokea kilichokaribia kukamilika, na Release Preview hupokea toleo ambalo karibu liko tayari kwa umma. Kadiri njia inavyokuwa ya mbele, ndivyo namba ya toleo inavyokuwa kubwa na ndivyo uwezekano wa kukwama unavyoongezeka.

Kutokana na mpangilio huo hupatikana kanuni moja ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa: namba ya toleo hupanda tu. Mashine yenye toleo la Dev lenye namba kubwa kuliko la Beta haiwezi kuingia Beta kwa kubadilisha chaguo kwenye mipangilio. Inapaswa kusubiri Beta iifikie namba hiyo, au ifutwe na kusakinishwa upya. Uchaguzi wa njia unaofanywa siku ya kwanza huweka mipaka ya kurudi katika siku zijazo.

Jambo la pili ni kwamba kushiriki majaribio hakumpi mtu haki ya kupata toleo kamili. Juni 2021, Microsoft ilipotangaza Windows 11, mashine zilizokuwa tayari kwenye njia ya Dev ziliruhusiwa kupokea matoleo tangulizi hata kama hazikutimiza masharti ya vifaa. Ruhusa hiyo ilikuwa ya muda. Wamiliki wake walielezwa kwamba toleo kamili likitoka watapaswa kurudi Windows 10 kwa usakinishaji mpya. Masharti yenyewe ni pamoja na kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, uwezo wa kuwaka kwa njia salama na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ofisi inayodhani kwamba toleo tangulizi ni mlango wa nyuma wa kukwepa masharti hayo inaahirisha tatizo, na inalirudisha likiwa na data nyingi zaidi juu yake.

Jambo la tatu ni la kisheria. Ili kupokea matoleo tangulizi, mtumiaji hutakiwa kuruhusu mashine itume kwa Microsoft taarifa za ziada za uchunguzi, zaidi ya zile za lazima. Kwa kompyuta ya mwanafunzi anayejifunza, hilo ni chaguo lake binafsi. Kwa kompyuta ya ofisi yenye kumbukumbu za wagonjwa, wanafunzi au walipa kodi, hilo linagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Mtumishi mmoja kubofya kitufe cha kujiunga si uamuzi wa taasisi, lakini matokeo yake yanaihusu taasisi.

4.0 Hatua za Upandishaji

Upandishaji hupita katika awamu nne. Awamu ya kwanza hufanyika mtumiaji akiwa bado ndani ya mfumo wa zamani: faili hupakuliwa, nafasi ya diski hupimwa, na programu zisizopatana hutafutwa. Awamu ya pili huanza mashine inapojizima na kuwaka katika mfumo mdogo wa muda, ambao kazi yake ni kuweka mfumo mpya mahali pa ule wa zamani. Awamu ya tatu ni mfumo mpya kuwaka kwa mara ya kwanza na kutambua vifaa kwa kutumia viendeshi. Awamu ya nne ni kuwaka mara ya pili, ambapo mipangilio na data za mtumiaji hukamilishwa kuhamishwa.

Athari ya kukatika kwa umeme hutegemea awamu. Ukikatika wakati wa kupakua, kwa kawaida kazi huendelea baadaye pale ilipoishia. Ukikatika katika awamu ya pili au ya tatu, mfumo hujaribu kurudi kwenye toleo la zamani, na mara nyingi hufaulu. Lakini hapa ndipo mashine inapoweza kubaki haiwaki kabisa. Watumiaji wa Dodoma, kama Watanzania wengine, walipitia mgawo wa umeme mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, na wanafahamu kwamba saa ya kukatika si lazima ifanane na saa iliyotangazwa. Kwa hiyo kompyuta ya mezani isipandishwe toleo bila UPS, yaani kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda, na kompyuta mpakato ianze ikiwa na chaji kamili na betri inayofanya kazi kweli. Betri iliyochoka huonesha asilimia mia moja na kuzimika dakika chache baada ya umeme kukatika.

Kabla ya kuanza, mambo manne yakamilishwe. Kwanza, nakala rudufu ya faili iwekwe nje ya mashine hiyo. Nakala iliyo kwenye diski ileile si nakala. Pili, kama diski imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa kuirejesha uandikwe na kuhifadhiwa mahali pengine, kwa kuwa mabadiliko ya mfumo yanaweza kuifanya mashine iudai. Tatu, nafasi ya diski ipimwe. Nne, vifaa vya nje visivyohitajika, kama flashi, printa na diski za ziada, vichomolewe, kwa sababu kila kifaa huleta kiendeshi chake, na kila kiendeshi ni nafasi ya kukwama.

Gharama ya intaneti nayo ipangwe. Toleo tangulizi linaweza kuwa na gigabaiti kadhaa, na katika njia za mbele toleo jipya linaweza kutoka kila wiki. Anayetumia bando la simu aiwekee Windows alama kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kiasi, ili upakuaji usianze wenyewe. Katika chumba chenye kompyuta nyingi, Windows huruhusu mashine zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kugawana vipande vilivyokwisha kupakuliwa. Ikiwa toleo ni gigabaiti 4 na kompyuta ni 40, kila moja ikipakua peke yake zitahitajika gigabaiti 160. Zikigawana, sehemu kubwa ya mzigo huo hupakuliwa mara moja tu kutoka nje. Kwa shule ya Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama zoezi linawezekana au la.

5.0 Usomaji wa Hitilafu

5.1 Namba ya hitilafu

Upandishaji unaposhindikana, Windows huonesha namba ndefu inayoanza na 0x. Watumiaji wengi huiona kuwa fumbo na kuifunga. Kwa hakika namba hiyo ina muundo. Inapoanza na 0x8007, tarakimu nne za mwisho ni namba ya kawaida ya hitilafu za Windows, iliyoandikwa kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita. Kwa mfano, katika 0x80070070 sehemu ya mwisho ni 0070. Tarakimu 7 iko nafasi ya kumi na sita, kwa hiyo thamani yake ni 7 × 16, yaani 112. Hitilafu namba 112 maana yake ni kwamba diski haina nafasi ya kutosha. Vivyo hivyo, 0x80070005 ni hitilafu namba 5, yaani ruhusa imekataliwa, na 0x80070002 ni namba 2, yaani faili haikupatikana. Anayejua kanuni hii hahitaji kukariri orodha ndefu.

Kundi jingine huanza na 0xC1900101. Namba hii huashiria kwamba mfumo ulirudi kwenye toleo la zamani, na mara nyingi chanzo ni kiendeshi. Huambatana na namba ya pili, kama 0x20017 au 0x30018, ambayo tarakimu yake ya kwanza hutaja awamu: 1 ni awamu ya ndani ya mfumo wa zamani, 2 ni mfumo wa muda, 3 ni kuwaka mara ya kwanza, na 4 ni kuwaka mara ya pili. Hivyo, anayeona 0x30018 anafahamu kwamba faili zilikwisha kupakuliwa na mfumo mpya ulikwisha kuwekwa; kilichoshindikana ni kuwaka kwa mara ya kwanza, wakati vifaa vinapotambuliwa. Kupakua upya gigabaiti zote, jambo linalofanywa na wengi, hakutatatua tatizo hilo. Kinachofaa ni kuondoa kiendeshi kinachoshukiwa au kutafuta kipya kwa mtengenezaji wa kifaa.

Kwa undani zaidi kuna kumbukumbu za usakinishaji. Faili za setupact.log na setuperr.log huhifadhiwa katika kabrasha la Panther. Ya kwanza hueleza kila kilichofanyika, na ya pili hueleza kilichoshindikana pekee. Usomaji uanzie mwisho wa faili kurudi nyuma, kwa kuwa hitilafu ya mwanzo huweza kuwa ndogo na isiyo na athari. Programu ya SetupDiag ya Microsoft husoma kumbukumbu hizo na kutaja chanzo kinachowezekana.

5.2 Kutenganisha toleo na mazingira

Si kila kushindikana kunatokana na toleo. Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na kipindi kirefu cha ukavu na upepo kinachofuata. Vumbi huziba feni na mabomba ya kupozea. Kompyuta iliyozibwa huweza kufanya kazi za kawaida bila shida, kisha ikazimika wakati wa upandishaji kwa sababu kazi hiyo huilazimisha kutumia nguvu nyingi kwa muda mrefu. Mtumiaji huona kwamba mashine ilikuwa nzima kabla ya toleo jipya, na kuhitimisha kwamba toleo ndilo baya.

Kuna dalili zinazosaidia kutofautisha. Mashine inayozimika ghafla bila ujumbe wowote, kila mara baada ya muda unaokaribiana, ichunguzwe kwanza joto na umeme. Mashine inayosimama na kuonesha skrini yenye ujumbe imeangushwa na programu au kiendeshi, au na kifaa kama kumbukumbu iliyoharibika. Tangu mwishoni mwa mwaka 2016, skrini hiyo huwa ya kijani katika matoleo tangulizi, ili anayepokea picha yake atambue mara moja kwamba mashine ilikuwa kwenye majaribio. Picha ya skrini hiyo, iliyopigwa kwa simu kabla mashine haijawaka tena, ni ushahidi bora kuliko maelezo ya mdomo.

Faili za mfumo zinaposhukiwa kuharibika, amri mbili hutumika kwa mpangilio. DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth hukarabati hazina ambayo mfumo huchukulia faili zake, kisha sfc /scannow hulinganisha faili zinazotumika na hazina hiyo. Mpangilio huu una sababu: hazina ikiwa mbovu, ulinganisho hauna kipimo sahihi. Amri ya kwanza huweza kuhitaji intaneti, hivyo itekelezwe pale muunganisho ulipo imara.

5.3 Kifurushi cha Kiswahili

Kifurushi cha Kiswahili katika Windows hujengwa juu ya lugha ya msingi, ambayo kwa kawaida ni Kiingereza, na hakitafsiri kila sehemu. Pale ambapo tafsiri haipo, maneno ya lugha ya msingi hujitokeza. Katika toleo tangulizi hali hiyo huongezeka, kwa sababu sehemu mpya hutengenezwa kabla watafsiri hawajazifikia. Mtumiaji anayeona ukurasa wa mipangilio ukiwa nusu Kiswahili na nusu Kiingereza hapaswi kudhani kwamba usakinishaji umeharibika. Lakini kitufe chenye maandishi yaliyokatwa kwa sababu neno la Kiswahili ni refu, au tafsiri inayogeuza maana ya onyo, ni hitilafu halisi inayostahili kuripotiwa. Hitilafu ya aina hiyo haiwezi kugunduliwa na mtu asiyejua Kiswahili.

6.0 Kurudi Nyuma na Ukomo wa Toleo

Baada ya upandishaji, mfumo wa zamani huhifadhiwa katika kabrasha la Windows.old. Kwa kawaida mtumiaji ana siku 10 za kurudi. Muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 60 kwa amri DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, ikiwa itatekelezwa kabla ya siku 10 kuisha. Tatizo la kawaida hutokea kwenye mashine zenye diski ndogo. Diski hujaa baada ya upandishaji, mtumiaji hukimbilia kusafisha faili zisizohitajika, na Windows.old hufutwa pamoja nazo. Kwa kutafuta nafasi, mtu huyo huwa amefunga njia yake ya kurudi. Kwa hiyo mashine ijaribiwe kwanza kwa kazi zake zote, ikiwamo printa, sauti, intaneti na programu za hesabu, kabla ya usafi wowote.

Ikumbukwe pia kwamba matoleo tangulizi yana tarehe ya ukomo. Tarehe hiyo inapokaribia, mfumo hutoa maonyo. Ikipita, mashine huanza kujizima na kuwaka kila baada ya muda, na hatimaye hukataa kuwaka. Amri ya winver huonesha tarehe hiyo. Hatari hii ni kubwa kwa mashine zinazokaa muda mrefu bila intaneti, kama zile za chumba cha kompyuta kinachofungwa wakati wa likizo. Mwalimu anayerudi baada ya miezi kadhaa anaweza kukuta kompyuta zilizokuwa nzima zimegoma zote kwa siku moja, bila kifaa chochote kuharibika.

7.0 Ripoti na Thamani Yake: Funzo la Mwaka 2018

Tukio la Oktoba 2018 linaonesha uzito wa ripoti. Tarehe 2 ya mwezi huo Microsoft ilitoa toleo 1809 la Windows 10, na siku chache baadaye ikalisimamisha kwa sababu baadhi ya watumiaji walipoteza faili zao. Chanzo kilikuwa mahususi. Kuna watumiaji waliokuwa wamehamishia makabrasha ya nyaraka na picha kwenye mahali pengine, huku baadhi ya faili zikibaki mahali pa zamani. Toleo jipya lilikusudiwa kuondoa makabrasha pacha yaliyoachwa wazi, lakini likafuta pia yale yaliyokuwa na faili. Kwa mujibu wa Microsoft, walioripoti upotevu walikuwa sehemu moja ya mia ya asilimia moja ya waliosakinisha. Toleo lilirudishwa kwa umma tarehe 13 Novemba 2018.

Lenye funzo zaidi ni kwamba baadhi ya wajaribu walikuwa wamekwisha kuripoti tatizo hilo kabla ya toleo kutoka. Ripoti zao hazikuonekana kwa sababu mfumo wa kukusanya maoni ulitanguliza zilizoungwa mkono na watu wengi, na tatizo hili lilikuwa limewapata wachache. Baada ya tukio, Microsoft iliongeza sehemu ya kumwezesha anayeripoti kutaja ukubwa wa madhara, si idadi ya wanaoafiki tu.

Watumiaji wa Kiswahili wako katika nafasi hiyo ya wachache. Hitilafu inayojitokeza kwenye kifurushi cha Kiswahili, au kwenye mashine inayokatikiwa umeme katikati ya awamu ya pili, haitapata maelfu ya kura. Nguvu yake pekee ni ubora wa maelezo. Ripoti inayofaa hutaja namba kamili ya toleo, aina ya mashine na kiendeshi kinachohusika, hatua zilizofanywa kwa mpangilio, kilichotarajiwa, kilichotokea, na kama tatizo hujirudia hatua zilezile zikifuatwa. Hueleza pia madhara: sentensi inayosema kwamba faili zimefutwa iwe ya kwanza, si ya mwisho. Ripoti isemayo tu kwamba kompyuta imegoma haimsaidii yeyote, hata iandikwe kwa lugha gani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba toleo tangulizi ni makubaliano. Mtumiaji hupata kipya mapema, na kwa malipo yake hutoa mashine, taarifa na muda. Makubaliano hayo yanafaa kwa maabara ya chuo, kwa fundi anayejiandaa, na kwa mwanafunzi mwenye mashine ya ziada. Hayafai kwa kompyuta yenye tasnifu isiyo na nakala, wala kwa ile ya ofisi inayohifadhi taarifa za watu wengine. Imeoneshwa pia kwamba namba za hitilafu husomeka, kwamba awamu iliyokwama huelekeza tiba, na kwamba umeme, joto na diski vichunguzwe kabla ya toleo kulaumiwa.

Kwa vyuo vya uwanda wa kati, hatua inayopendekezwa ni ndogo na inawezekana: kutenga kompyuta chache, zenye uwezo unaofanana na wa kompyuta za ofisi na shule za eneo hilo, ziwekwe kwenye njia ya Beta au Release Preview zikiwa na kifurushi cha Kiswahili, na wanafunzi wafundishwe kuziandikia ripoti kamili. Toleo litakalofika Bahi au Ikungi miezi michache baadaye litafika hata kama hakuna aliyelijaribu huko. Tofauti ni kama kasoro zake zitagunduliwa kwenye mashine iliyotengwa kwa kazi hiyo, au kwenye mashine pekee ya zahanati siku ya kufunga hesabu za mwezi.